Nyeusi Kiasi

Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi,
lakini aliyeshika bunduki yake kwenye mtutu
aliiomba yeye, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili,
kisha akakabidhiwa kitambaa.
"Mkono una chumvi," Baba alisema, "na chumvi ina meno."

Kazi yake ilikuwa kufukuza viboko mashambani, huko Dunga,
tangu enzi za bwana nyama wa soksi ndefu.
Bunduki ya marisau, mitutu miwili,
ilimkuta kijana, ikamzeesha;
yenyewe ikabaki na rangi yake,
buluu ya saa kumi na moja alfajiri
kabla jogoo hajaamua.

Kisumu si mji wa kusahaulia chuma.
Ziwa halilali. Hupumua ndani ya masanduku,
hupanda Nyalenda bila kubisha hodi,
likalamba bawaba, sindano, wembe wa kinyozi.
Baba alilijibu kwa vitu vidogo:
fulana kuukuu iliyochemshwa mara tatu,
mafuta ya cherehani, tone moja, si mawili
("ukiizamisha utaozesha mti"),
nta ya nyuki kutoka Seme,
ikipakwa nyembamba kama uongo wa mtoto.
Ala ya ngozi aliitundika ukutani, tupu.
"Ngozi ni mlevi. Hunywa unyevu, akaugua mwenzake."
Bunduki ililala kabatini, kufuli mbili, mdomo chini,
mafuta yasishukie kitako,
na pembeni yake soksi yangu moja ya shule
imejaa mchele wa Ahero uliokaangwa mkavu.
Ya pili sijaiona hadi leo.

Kaka yangu Okwiri aliwahi kuleta siki.
Alisikia inang'oa kutu.
Iling'oa kutu. Ikang'oa na buluu,
mahali pa ukubwa wa ukucha,
pakabaki peupe kama jicho la samaki aliyepikwa.
Baba hakumpiga. Alimwambia tu, polepole:
"Hiyo buluu nayo ni kutu, mwanangu.
Ni kutu iliyofundishwa adabu."

Mwaka wa mwisho aliniita kwa jina la dadake.
Alisahau mlango wa choo, alisahau kama amekula,
ila Jumapili, nikifungua kabati,
alijua kitambaa ni cha nini.
Siku moja tu mkono ulikosea njia,
ukashika mtutu, ukashika kwa nguvu
kama mtu anayevuka mto kwa kamba.
Sikusema kitu. Ningeanzia wapi?

Tulimzika Aprili, mvua haina habari na mtu.
Wiki ya tatu nikafungua kufuli:
dole gumba, rangi ya chai ya rangi,
mistari yote ipo, hata kovu la panga.
Miaka arobaini, nyumba ya watoto saba,
alama moja tu,
na ni yake.

Nikatafuta ile senti kumi ya zamani yenye tundu,
laini kuliko chuma, ngumu kuliko kutu,
nikadondosha mafuta, nikasubiri kama alivyosubiri,
nikaanza kukwangua kutoka ukingoni.
Mistari miwili ikaja na sarafu, kahawia.
Wa tatu nikauacha.
Nikapaka mafuta juu yake, kisha nta.
Isile zaidi. Ibaki tu.

Leseni ilikuwa ya jina lake, na mwenye jina hayupo.
Jumatatu nikaipeleka kituoni.
Konstebo Simiyu akaweka njugu zake kando,
akanyoosha vidole vyenye chumvi.
"Shika kwenye mti, afande," nikampa na kitambaa.
Akajipangusia jasho la shingo.
Akafungua daftari. "Rangi?"
"Buluu."
Akaigeuza dirishani, akaigeuza tena,
akanitazama kama anayetazama mfiwa.
Akaandika: nyeusi.
Nikabaki nimesimama. Foleni nyuma yangu ikakohoa.
Akaongeza, kwa herufi ndogo: kiasi.